Mashine Mpya katika Ofisi za Chuo Kikuu: Kwa Nini Wengine Huipokea na Wengine Huikataa

Nazungumza nanyi nyote mlio katika madarasa ya watu wazima, mjini Mpanda, na Karema, na Inyonga, na Mishamo, na Katumba, na Usevya, na Kibaoni. Nanyi mnaosoma maneno haya kwa macho baada ya kuyasikia kwa masikio, karibuni pia. Someni polepole. Mkikutana na neno gumu, mtaliona limeelezwa mwishoni.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kompyuta zinazotumika kuendesha kazi za vyuo vikuu. Zamani kazi hizo zilifanywa kwa kalamu, wino na majalada. Sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa mashine. Wako watumishi wanaoipokea mashine hiyo kwa mikono miwili. Wako wengine wanaoitazama kwa jicho la pembeni. Nataka tuulize pamoja: kwa nini?

Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu, mimi bado najifunza kuandika jina langu. Mambo ya ofisi za chuo kikuu yanihusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza.

Katika mkoa wetu wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na Mkoa wa Rukwa, sasa lipo tawi la chuo kikuu. Ni Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Iko Kibaoni, katika Halmashauri ya Mpimbwe, Wilaya ya Mlele. Imepewa jina la mwenyeji wetu, Mzee Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2008 hadi 2015. Tena kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Chuo hicho huwafundisha watu walio mbali, hata wale wenye kazi na familia. Kwa hiyo mwanao, au mjukuu wako, au pengine wewe mwenyewe siku moja, jina lako laweza kuandikwa katika daftari la chuo kikuu.

Sasa fikirini jambo hili. Makao makuu ya Chuo Kikuu cha Sokoine yako Morogoro. Kutoka Mpanda kwenda Morogoro kwa njia ya reli, kwa kupitia Kaliua, Tabora na Dodoma, ni karibu kilomita 1,000. Mwalimu wa Kibaoni akimpa mwanafunzi maksi, hapana budi maksi hizo zijulikane Morogoro. Na haziishii hapo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutaka kujua kama mwanafunzi amefaulu ndipo iendelee kumpa mkopo. Maksi zikikwama njiani, fedha nazo hukwama. Fedha zikikwama, kijana hukosa chakula na kodi ya chumba, naye hupiga simu nyumbani. Nyumbani ndiko kwako wewe. Utauza debe la mahindi au mbuzi kwa bei ya kutupa, kwa sababu karatasi moja ilikaa mezani mwa mtu. Hiyo ndiyo sababu jambo hili linakuhusu.

Haya, tuone sasa mashine yenyewe inafanya nini.

Katika chuo kikuu mna ofisi nyingi. Iko ofisi ya msajili, inayoandika majina ya wanafunzi. Iko ofisi ya mhasibu, inayopokea ada. Wako wahadhiri, wanaotoa maksi. Iko maktaba, inayoazima vitabu. Iko ofisi ya utumishi, inayoandika likizo na mishahara ya wafanyakazi. Zamani kila ofisi ilikuwa na daftari lake. Mwanafunzi mmoja aliandikwa mara nyingi, katika madaftari mbalimbali, na watu mbalimbali. Huyu akaandika Juma, yule akaandika Jumaa. Mhasibu akasema amelipa, msajili akasema hajaandikishwa. Mkuu wa chuo akiuliza, "Tuna wanafunzi wangapi leo?" hakuna aliyeweza kujibu siku ile ile. Makarani walianza kuhesabu majalada, na jibu lilikuja baada ya wiki mbili, nalo halikuwa la hakika.

Kompyuta huyaunganisha madaftari hayo yote. Inakuwa kama nyumba moja yenye vyumba vingi na milango mingi. Mhasibu ana ufunguo wa mlango wake. Mhadhiri ana ufunguo wake. Mwanafunzi naye ana ufunguo, lakini huo humwezesha kutazama habari zake tu, wala hawezi kubadili maksi zake. Ufunguo huo si wa chuma. Ni maneno au tarakimu za siri, nazo huitwa nywila. Mkuu wa chuo akitaka kujua hesabu, huipata mara moja, kwa sababu kila mtu ameandika katika nyumba ile ile. Mpango huo mzima, yaani mashine, madaftari yaliyomo ndani yake, na watu wanaoutumia, huitwa mfumo wa kompyuta wa taarifa za uongozi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mfumo wa namna hiyo kwa habari za wanafunzi, nao huitwa ARIS. Chuo Kikuu cha Sokoine kina wake, uitwao SUASIS.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Walikuwa na haki. Lakini daftari likiwa la namna mpya, mwenye kuliandika naye hapana budi aandaliwe. Asipoandaliwa, mali itapotea hata kama daftari ni la kompyuta. Jambo hilo nchi yetu ililiona zamani, nami nitawasimulia.

Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa, si kama hizi za leo zinazobebwa kwapani. Iliwekwa ili kufanya hesabu za Serikali. Watu walitumaini kwamba sasa mambo yatakuwa mepesi. Lakini Watanzania waliojua kazi ya mashine hiyo walikuwa wachache mno, na wataalamu wengi walikuwa wageni. Mipango ya kazi haikuwa imara. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na ikabidi Serikali irudie hesabu za mkono. Mwisho wake, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Aliyeitaka mashine hiyo ilimlazimu kuomba idhini maalum. Marufuku hayo yalianza kulegezwa katika miaka ya 1980 na kuendelea.

Ndugu zangu, msiwacheke watu wa wakati ule. Waliona hasara, wakafunga mlango. Hata mkulima akiuziwa mbegu isiyoota, mwaka wa pili atakataa kila mbegu ya dukani, hata iliyo njema. Lakini sisi twaweza kujifunza. Mashine ilikuja, lakini watu wa kuiongoza walikuwa hawajatayarishwa. Fikirini reli yetu. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, kwa ajili ya madini ya risasi. Je, kichwa cha treni peke yake kingeyachukua madini hayo? Hakingeweza. Ilihitajika njia, na maji, na stesheni masta, na watu wa kugeuza njia, na mafundi wa kutengeneza. Kompyuta ni kichwa cha treni tu. Mfumo ni reli nzima pamoja na watu wake.

Sasa tuje kwenye swali letu. Kwa nini mtumishi mmoja huipokea mashine na mwingine huikataa?

Wataalamu wameliuliza swali hilo katika nchi nyingi. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Fred Davis, alieleza kwamba mtu akiletewa mashine mpya hujiuliza maswali mawili. La kwanza: Je, itanisaidia katika kazi yangu? La pili: Je, ni rahisi kuitumia? Akiona kwamba inamsaidia na tena si ngumu, ataitumia. Mwaka 2003 mtaalamu mwingine, Viswanath Venkatesh, pamoja na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, waliongeza maswali mengine. La tatu: Watu ninaowaheshimu wanasemaje juu yake? Na la nne: Je, vitu vya kuiwezesha vipo, na msaada upo nikikwama?

Maswali hayo manne si ya wasomi peke yao. Ninyi wakulima wa tumbaku mmekwisha kujiuliza maswali hayo hayo. Mizani mpya ikiletwa kwenye chama cha ushirika, mkulima husimama na kuitazama. Je, inanipa haki yangu? Je, naweza kuisoma? Mwenyekiti na wazee wanaiamini? Ikiharibika siku ya soko, nani ataitengeneza? Mkulima asiyejibiwa maswali hayo haiamini mizani, hata kama ni mizani ya haki. Na mtumishi wa chuo kikuu ni mtu kama wewe.

Tuyapime maswali hayo mahali kama huku kwetu.

Itanisaidia? Mhadhiri aliyezoea kuandika maksi katika karatasi na kumkabidhi karani, sasa aambiwa aketi na kuzitia mwenyewe katika kompyuta, moja moja, wanafunzi mia mbili. Yeye huona kazi imeongezeka. Faida haioni, maana faida humwendea mkuu wa chuo anayepata hesabu upesi, na mwanafunzi anayepata matokeo mapema. Kama hakuelezwa faida hiyo, tena kama bado ataka kupeleka na karatasi vilevile, atanung'unika. Kufanya kazi moja mara mbili hakumfurahishi mtu yeyote.

Ni rahisi? Mara nyingi maneno yanayotokea katika kioo cha kompyuta ni ya Kiingereza. Karani aliyefanya kazi miaka ishirini kwa Kiswahili safi aweza kuogopa kubofya mahali asipopaelewa. Aogopa kuharibu. Na mafunzo aliyopewa pengine yalikuwa ya asubuhi moja tu, mkufunzi akienda mbio kama anakimbizwa na mvua.

Wakubwa wanasemaje? Mkuu wa idara akiendelea kusema, "Niletee karatasi, mimi sitaki mambo ya kompyuta," walio chini yake watafanya hivyo hivyo. Lakini yeye akifungua mashine mwenyewe mbele yao, na kumuuliza kijana amwonyeshe, hata mzee wa masjala hataona haya kuuliza.

Msaada upo? Hapa ndipo sisi wa mikoa ya mbali tulipo na taabu zaidi. Kwa miaka mingi Mpanda ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, haikuunganishwa na gridi ya taifa kama miji mingine. Umeme ukikatika, mashine hulala. Mtandao ukiwa dhaifu, mhadhiri hutia maksi, na kabla hajamaliza zinapotea, naye huanza upya. Hilo likimpata mara tatu, mara ya nne atarudi kwenye karatasi yake. Mtu huyo si mvivu. Ana haki ya kutaka umeme kabla ya kudaiwa kazi ya umeme.

Lakini ziko sababu nyingine, ambazo watumishi hawazisemi kwa sauti. Nitazitaja tatu.

Sababu ya kwanza ni hofu ya kupoteza kazi. Karani hujiuliza, "Ikiwa mashine itaandika, mimi nitafanya nini?"

Sababu ya pili ni kupungukiwa na heshima. Katika kila masjala alikuwapo mzee ajuaye kila jalada lilipo. Mkuu wa chuo mwenyewe alimwomba. Mashine inapokuja, elimu yake ya miaka mingi huonekana si kitu mbele ya kijana aliyetoka shule juzi.

Sababu ya tatu ni kwamba mashine huona. Kila mtu akiingia kwa ufunguo wake, mfumo uliojengwa vizuri huandika nani ameingia, saa ngapi, na amebadili nini. Mtu mwaminifu hilo laweza kumsumbua kidogo, maana hakuna apendaye kuchunguliwa kila saa. Mtu asiye mwaminifu linamtisha sana. Tangu mwaka 2017 Serikali ilipoanzisha mfumo wa kupokea malipo yake kwa kompyuta, mlipaji hupewa namba ya malipo, akaipeleka benki au akalipa kwa simu. Fedha hazipiti tena mkononi mwa karani. Aliyezoea kula njiani hawezi kuusifu mfumo huo.

Basi, tukisikia mtumishi anakataa kompyuta, tusikimbilie kusema ni mjinga, wala tusikimbilie kusema ni mwizi. Tumuulize kwanza. Pengine sababu yake ni ya haki.

Nitawapa mfano. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mambo kama haya hutokea.

Kijana fundi wa kompyuta aliingia katika masjala ya chuo. Akamkuta mzee mmoja ameketi kati ya majalada.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo umekuja na mashine yako kunifukuza?"

"La, Mzee. Nimekuja kukuuliza. Humu wamo wanafunzi wanne wenye majina yale yale matatu. Wewe huwatofautishaje?"

Mzee akacheka. Akavuta jalada moja, akasema, "Huyu ni wa Karema. Huyu ni wa Inyonga. Hawa wawili wote ni wa Usevya, kwa hiyo natazama mwaka waliozaliwa na namba ya mtihani wa kidato cha nne. Tena huyu mmoja alibadili jina alipohamia shule ya pili, karatasi yake ya kiapo hii hapa. Usipoiona karatasi hii, utadhani ni watu wawili."

Kijana akaketi chini, akaandika yote. Kisha akasema, "Mzee, mfumo wetu haukuwa na mahali pa kuandika jina la zamani. Nitaweka. Tena naomba wewe ndiwe uwe wa kwanza kuujaribu, kabla hatujawapa wengine."

Ndugu wasikilizaji, mzee yule sasa haukatai mfumo, maana ni mfumo wake. Ndani yake mna elimu yake. Na mfumo wenyewe umekuwa bora, kwa sababu fundi peke yake asingeijua habari ya karatasi ya kiapo. Mjenzi mwema huuliza mwenye nyumba mlango uwe wapi. Asipouliza, mlango utatazama upande wa mvua.

Kutokana na hayo twaweza kuona ni nini kiwapasacho viongozi wa chuo wanaotaka mfumo upokelewe.

Kwanza, wawaite watumishi kabla mashine haijanunuliwa, siyo baada ya kufungwa.

Pili, wawafundishe polepole, kwa Kiswahili, na warudi kuwafundisha tena baada ya mwezi. Mtu hajui kuendesha baiskeli kwa kuonyeshwa mara moja.

Tatu, waweke mtu wa msaada karibu. Simu ya Morogoro haitoshi kwa mtu aliyekwama Kibaoni na wanafunzi wamepanga foleni mlangoni.

Nne, karatasi na kompyuta zikitumika pamoja kwa muda, kama tahadhari, muda huo uwe na mwisho unaojulikana.

Tano, wawaambie watumishi kweli juu ya kazi zao. Ikiwa karani atapewa kazi nyingine, aelezwe ni kazi gani, na afundishwe.

Sita, viongozi wenyewe watumie mfumo kabla ya kuwaamuru wengine.

Nao watumishi wana wajibu wao. Nywila ni kama ufunguo wa sanduku la fedha. Ukimpa mwenzako, naye akabadili maksi za mtu, jina litakaloonekana ni lako. Tena habari za watu ni amana. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Karani hana ruhusa ya kusimulia sokoni kwamba mtoto wa fulani ameshindwa mtihani, eti kwa kuwa aliyaona katika kompyuta.

Liko neno moja kubwa ambalo nataka mlishike sana. Kompyuta haijui kweli. Inajua kile ilichoambiwa. Mhadhiri akitia 36 badala ya 63, mashine itashika 36 bila haya, na itairudia mara elfu bila kuchoka. Kwa hiyo mwanafunzi akija mlangoni na kusema, "Nimefanya mtihani, lakini matokeo yangu hayaonekani," si haki kumjibu, "Mashine imesema hukufanya," kisha ukafunga dirisha. Zamani tuliambiwa, "Mkubwa amesema," tukanyamaza. Tusibadilishe mkubwa wa mtu kwa mkubwa wa chuma. Nyuma ya kila mashine hapana budi awepo mtu anayesikiliza, awezaye kufungua jalada na kutazama tena. Mahali ambapo mtu huyo hayupo, watumishi hufanya vyema kuutilia shaka mfumo, na wazazi pia.

Mwisho, nitazungumza nanyi wazazi na wanafunzi wa madarasa haya. Ninyi mwaweza kufanya nini?

Tazameni jina. Jina la mtoto liandikwe kwa herufi zile zile katika cheti cha kuzaliwa, katika cheti cha shule, na katika kitambulisho cha taifa. Karani wa mkono aliweza kusema, "Ah, huyu ni yule yule." Kompyuta huona herufi moja ikizidi, na huenda ikasema ni mtu mwingine. Ninyi mliojifunza kusoma, someni jina la mtoto kabla hamjaondoka dirishani.

Wekeni karatasi. Ukilipa ada kwa simu au benki, andika namba ya malipo, tarehe na kiasi katika daftari lako la nyumbani. Daftari hilo la shilingi chache laweza kushuhudia siku daftari kubwa likikosea.

Ulizeni. Mtu akikwambia, "Haimo katika mfumo," muulize kwa adabu, "Ndugu, nani aliyepaswa kuiingiza, na nimwone wapi?" Swali hilo halimtukani mtu. Humkumbusha kwamba mfumo una wenyewe.

Na msidhani kwamba mambo haya yatakaa chuo kikuu tu. Daftari la namna hii huja katika zahanati, katika ofisi ya ardhi, na katika vyama vya ushirika. Nanyi mtakuwa watumishi wake: katibu wa chama, mtunza ghala, mhudumu wa afya wa kijiji. Siku hiyo mtakumbuka maswali manne tuliyoyataja leo. Msilikatae daftari jipya kwa kuwa ni geni, wala msilipokee kwa kuwa limesifiwa. Liulizeni maswali hayo, mpaka mjibiwe.

Mwalimu wa darasa atawasaidia kwa maneno na maswali yanayofuata.

MANENO MAPYA

Jalada: karatasi zilizofungwa pamoja, zenye habari za mtu mmoja au jambo moja.
Masjala: chumba au ofisi ya kutunzia majalada.
Msajili: mkuu wa ofisi inayoandikisha wanafunzi na kutunza habari zao.
Mfumo: mpango wa vitu na watu wanaofanya kazi pamoja.
Nywila: neno la siri la kumfungulia mtu kompyuta.
Taarifa binafsi: habari za mtu mmoja, kama jina, umri, ugonjwa au maksi zake.
Amana: kitu ulichopewa ukitunze, si chako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka gani, na katika wizara gani? Kwa nini kazi yake haikufanikiwa?
2. Yatajeni maswali manne ambayo mtu hujiuliza anapoletewa mashine mpya. Je, mliyauliza mlipoletewa simu ya mkononi, mbegu mpya au mizani mpya?
3. Mzee wa masjala alijua jambo gani ambalo fundi hakulijua?
4. Katika kijiji chenu, ni daftari gani ambalo likikosewa huwaletea watu hasara? Nani huliandika, na nani hulikagua?
5. Kila mmoja aandike katika daftari lake jina lake kamili, kama lilivyo katika kitambulisho chake. Kisha mpe jirani yako alisome, herufi kwa herufi.